Rasika: Msikilizaji Aliyekolewa

Kwa watu waliokaa ukumbini tuna neno hadhira, yaani waliohudhuria. Linatosha kwa mkutano. Katika muziki wa klasiki wa Kihindi msikilizaji ana jina zito zaidi, rasika, litokanalo na rasa, neno la Kisanskriti lenye maana ya utomvu na ladha, ambalo nadharia yake imo katika Natyashastra, kitabu kinachonasibishwa na Bharata. Rasika ni mwenye kuifikia ladha hiyo, na kazi yake huonekana kwa macho. Tabla, ile jozi ya ngoma, ikishika tintal, mzunguko wa mapigo 16, mkono wake hupiga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13; la 9 hugeuza kiganja juu, kimya. Mwimbaji akitanga mbali na mapigo kisha akatua barabara juu ya pigo la kwanza, liitwalo sam, vichwa huinama pamoja na ukumbi hutoa “Wah!” papo hapo, bila kungoja wimbo uishe.

Kulitafsiri rasika kwa Kiswahili, wengi wangeandika shabiki. Lakini Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, yalipo makao makuu ya klabu ya Simba, unatufundisha shabiki ni nani: ameshachagua upande kabla mpira haujaanza. Rasika hana upande; sifa yake huja baada ya kusikia. Napendekeza mkolewa, na ushahidi uko hapo hapo Kariakoo. Bendi ya Sikinde ilipokuwa ikipiga ukumbi wa DDC, wimbo ulianza taratibu ili mashairi yasikike, kisha ukaingia chemko, sehemu ya kasi, na watu wakasema muziki umekolea. Khayal, mtindo wa uimbaji wa Kihindi, nayo hutoka vilambit, mwendo wa pole, hadi drut, mwendo wa kasi. Kiswahili, basi, kimeshaupima muziki kwa ulimi kama Kisanskriti kilivyofanya. Kilichobaki ni kumpa jina anayeonja.

Atasema mtu kwamba kukolewa ni kuzidiwa, kama aliyekolewa na pombe, ilhali rasika anahesabu. Sikubali. Mchuzi uliozidi chumvi hausifiwi kwamba umekolea. Kukolea ni kufika kiasi chake, na mkono unaohesabu ndio unaokijua kiasi hicho. Hoja nzito zaidi ni ya wanaotaka rasika libaki kama lilivyo. Hao nawajibu kwa taarab. Katika Kiarabu, tarab ni msisimko unaomshika msikilizaji. Tulipolichukua likawa jina la muziki wenyewe, na msikilizaji akaachwa nje. Rasika lisipotafsiriwa litapotea vivyo hivyo. Tazama taarab inapopigwa: mwanamke hainuki kwa kila ubeti. Hungoja ule uliomgusa, ndipo huenda mbele akicheza, noti mkononi. Kwa noti yake tunamwita mtunzaji; kwa kile kilichomwinua kitini, bado hatujamwita chochote.