Uvimbe wa Taya: Somo Kutoka Mulago

Mdogo wangu alipovimba taya, kila mtu nyumbani kwetu Jinja alikuwa na jibu lake. Bibi alisema ni jino. Baba alisema ni uvimbe wa kawaida kwa sababu haukumuuma. Daktari alikataa kukisia; alikata kipande kidogo cha nyama akakipeleka maabara. Katika siku zile za kungoja majibu ndipo nilipoisoma historia nitakayoieleza katika insha hii.

Uvimbe usio wa saratani kwa kawaida hukua polepole na kubaki mahali pake. Uvimbe wa saratani huvamia nyama za jirani, na seli zake huweza kusafiri kwa njia ya damu au limfu hadi viungo vingine. Hivyo, kutouma si ushahidi wa usalama.

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye, hapa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Safari hii alimpapasa tumbo pia, akakuta vivimbe vingine. Aliporudi Mulago alipekua kumbukumbu za wagonjwa, akaona kwamba vivimbe vya taya, figo na ovari vilivyodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali vilikuwa ugonjwa mmoja. Aliuandika mwaka 1958. Wataalamu wa patholojia wa Kampala waliuchunguza kwa hadubini, wakathibitisha kuwa ni saratani ya limfu. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kisu hakikuwafaa watoto wale, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Dawa za saratani ndizo ziliyeyusha vivimbe, na baadhi yao wakapona. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago.

Majibu ya mdogo wangu yalipofika, haikuwa saratani. Baba alikuwa amepatia, lakini kwa kubahatisha. Huenda hata yule mtoto wa Jinja alikuwa na baba aliyesema maneno hayo hayo.