Walioshika jioni ya mtoto: vikundi vya vijana Butembo na Beni

Kabla shule haijafika kwenye milima ya Lubero na Beni, mashariki mwa Kongo, mvulana wa Kinande alijua pa kwenda jua likizama. Alikwenda kyaghanda, nyumba ya wanaume wanapokaa kuuzunguka moto, akasikiliza asili ya ukoo wake, mpaka wa shamba la jirani, na jinsi ugomvi unavyokatwa bila damu kumwagika. Wasichana walifundwa na mama na nyanya zao. Hapakuwa na mtihani, lakini kijana aliyekosa adabu mbele za watu alijulikana kwamba hakukaa kyaghanda.

Mapadri wa Assumption walifika mwaka 1929, na parokia zikaja na madarasa. Darasa lilimpa mtoto kusoma na kuhesabu asubuhi, lakini mchana wake ukabaki mtupu. Pengo hilo ndilo lililozibwa na vikundi vya vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, padri Mbelgiji wa Wamisionari wa Afrika, Georges Defour, alianzisha Xaveri mjini Bukavu, akaiita kwa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Harakati hiyo ilivuka hadi Rwanda, Burundi na nchi za Afrika Magharibi. Waprotestanti nao wana Flambeaux yao, na Skauti wana nafasi yao.

Kwa maoni yangu, nguvu ya vikundi hivi haikutoka kwenye nyimbo wala skafu. Ilitoka kwenye mpangilio: watoto wanagawanywa katika timu ndogo, na kila timu inaongozwa na mmoja wao. Pita kwenye kiwanja cha parokia Jumapili mchana, utamkuta msichana wa miaka kumi na minne au mitano akiwahesabu wadogo wake kabla hawajatawanyika, akimuuliza huyu anapita njia gani, akimkabidhi yule kwa mkubwa wanayekaa naye mtaa mmoja. Hakuna mwalimu anayemsimamia. Akikosea hesabu, ni yeye atakayekwenda kumweleza mama wa mtoto. Dawati halimfundishi mtu jukumu kama hilo.

Rais Mobutu alilielewa hilo mapema. Mwishoni mwa 1972 alipiga marufuku harakati za vijana za kidini nchi nzima, na vijana wote wakawekwa chini ya JMPR, tawi la vijana la chama chake cha MPR. Skafu zikavuliwa; ngoma zikapigwa kumsifu kiongozi. Miaka miwili baadaye shule za makanisa zikataifishwa, na zilirudishwa chini ya usimamizi wa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977. Miaka hiyo yote askofu wa Butembo-Beni alikuwa Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo kuanzia 1966 hadi 1997. Maaskofu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walijibu marufuku kwa kutilia mkazo jumuiya ndogo za mtaani, ambako familia husali na kusaidiana nyumba kwa nyumba. Serikali ingeweza kufunga ofisi. Kuzuia majirani wasikutane sebuleni ilikuwa kazi nyingine.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Miaka mitano kabla yake, Papa Yohane Paulo II alikuwa amemtangaza Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro Desemba 1964, kuwa mwenye heri. Watoto wa kikundi cha Kikatoliki cha Kizito-Anuarite wamebeba jina lake pamoja na la Kizito, shahidi wa Uganda aliyeuawa akiwa bado mvulana.

Kisha vita vikaja. Wengi wetu tunawajua vijana waliochukuliwa na makundi ya wapiganaji ya Mai-Mai kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuwapa kazi ya maana. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu vijijini, na watoto wanaofika Oicha, Beni au Butembo mara nyingi hukosa hata mahali pa kusomea. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Mangina Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020, vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa miongoni mwa waliozika maiti, huku wengine wakipigwa mawe na majirani waliowaogopa.

Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walipiga kambi mbele ya ofisi ya meya wakidai amani, mpaka polisi walipowatawanya. Tarehe 6 Mei mwaka huo, hali ya dharura ilianza katika mkoa wao wa Kivu Kaskazini, na utawala ukapewa wanajeshi.

Mashirika ya misaada yamekuja na miradi mingi ya vijana tangu hapo, na mingine imefaa sana. Ila mradi hufungwa fedha zikiisha, na watoto hurudi majumbani. Wafadhili wangefanya vyema kuwauliza kwanza viongozi wa timu ambao tayari wapo: wanahitaji ngoma, paa la kukinga mvua, na nauli ya kwenda mafunzo.