Muundo wa hadithi katika filamu: Abiria anaposhuka Makambako kabla ya mwisho

ABIRIA wanaosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe mara nyingi huliwazwa na filamu ya Kiswahili inayoonyeshwa mbele ya basi. Wapo wanaoshuka Makambako, mji ulio njiapanda ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na ile iendayo Songea, hadithi ikiwa bado haijaisha. Huondoka na swali moja: iliishaje?

Kwa nini mtazamaji hutamani kuujua mwisho ni jambo lililowashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kuwa tamthiliya kamili ina mwanzo, kati na mwisho, na kwamba matukio yake hayana budi kuzaana, si kufuatana tu.

Mwaka 1979 Mmarekani Syd Field aliuingiza mgawanyo huo katika uandishi wa filamu. Kwa mujibu wake, filamu ya dakika 120 hutumia takriban dakika 30 za kwanza kumtambulisha mhusika na haja yake, 60 za kati kumkabilisha na vikwazo, na 30 za mwisho kuufikia ufumbuzi. Mwaka 1999 mtafiti Kristin Thompson alipinga hesabu hiyo, akionyesha kuwa filamu nyingi za Hollywood zina sehemu kuu nne zenye urefu unaokaribiana.

Mrusi Vladimir Propp alianzia kwenye ngano. Mwaka 1928 alibainisha matendo 31 ya wahusika yanayojirudia kwa mpangilio uleule: katazo huwekwa, huvunjwa, shujaa husafiri, hupambana, kisha hurejea. Aliyekua akisikiliza ngano jioni, iwe Njombe au pwani, hatashangazwa na mpangilio huo.

Hata hivyo, si kila nadharia ilimheshimu mtazamaji. Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, kilishikilia kuwa Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata hadithi inayoruka wakati au kubadili picha haraka. Filamu zake zikawa za mwendo wa polepole na za msago mtupu, tukio moja baada ya jingine.

Watazamaji wenyewe waliikanusha dhana hiyo. Katika miongo iyo hiyo, filamu za Kihindi zenye mbinu rejeshi zilijaza majumba ya sinema ya Tanganyika na Zanzibar, ingawa wengi waliozitazama hawakuijua lugha yake. Baadaye, katika mabanda ya video, wafasiri kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliyasimulia upya kwa Kiswahili matukio ya filamu za kigeni.

Katika miaka ya 2000 soko nalo likaunda muundo wake. Filamu za Kitanzania zilizouzwa kwa kanda na baadaye kwa diski ziligawanywa mara nyingi katika sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja kwa bei yake. Taharuki kubwa ikahamia mwisho wa sehemu ya kwanza, ili mnunuzi wa Makambako au Njombe alazimike kuitafuta ya pili.

Mgawanyo huo haukuwa kosa kwa wenyewe, kwani hata tamthiliya za redio huishi kwa taharuki. Dosari ilijitokeza pale kisa cha diski moja kiliponyooshwa kujaza mbili: gari likaingia getini taratibu, mhusika akatembea ukumbini, simu ikaita kwa muda mrefu, na hadithi isisogee. Mnunuzi akalipa mara mbili kwa kisa kimoja.

Kipimo cha Aristotle bado kinafaa kwa mwandishi chipukizi. Tukio likiondolewa na lililofuata likabaki limesimama vilevile, tukio hilo halikuwa na kazi. Njia iwe ya sehemu tatu, nne au mbili, mtazamaji husubiri mwisho pale tu anapoona kila hatua imeizaa inayofuata.