Bajeti, Makadirio na Posho ya Mwanafunzi

Neno bajeti limekwisha kuzoeleka katika vinywa vyetu hata hapana mtu aulizaye nasaba yake. Na lau angeuliza, angeambiwa kwamba lilizaliwa mkoba. Wafaransa wa kale walikuwa na neno bougette, yaani kijimkoba cha ngozi, lililotokana na bulga la Kilatini, nalo pia ni mfuko wa ngozi. Waingereza wakalichukua likiwa na maana hiyo hiyo, mpaka katika karne ya 18 waziri wao wa fedha alipokuwa akisimama mbele ya Bunge kubainisha mapato na matumizi ya dola, ikawa yasemwa kwamba anafungua mkoba. Mwaka 1733 kilitoka kijitabu cha kumdhihaki Robert Walpole, kikimfananisha na mganga wa uwongo afunguaye mkoba wa dawa zake sokoni, na dhihaka ile ikaishia kuwa istilahi ya serikali. Hata mkoba wenyewe haukutoweka: Uingereza lilikuwapo kasha jekundu la waziri wa fedha Gladstone, lililotengenezwa karibu na mwaka 1860 na kutumiwa na mawaziri waliomfuata kwa zaidi ya karne moja, na huko Nairobi waziri wa fedha bado hupigwa picha nje ya Hazina akiuinua mkoba, siku ya kusoma bajeti.

Nimeanza na mkoba kwa sababu nadhani neno hili, baada ya safari yote hiyo, limerejea kwao. Ingia duka lolote la nguo pale Kariakoo, na kabla hujajibiwa salamu yako muuzaji atakuuliza, “Bajeti yako shilingi ngapi?” Hakuulizi mpango wako, akuuliza kilichomo mfukoni. Na mwanafunzi aliyealikwa kwenda Bagamoyo na wenzake husema, “Sina bajeti,” akikusudia kwamba hana fedha, ilhali mtu asiye na fedha za kutosha ndiye hasa aliye na haja ya bajeti, kuliko tajiri awezaye kuishi mwaka mzima bila ya kuhesabu. Basi ikiwa twatafuta jina la ule mpango wa fedha ambao mwanafunzi hujiwekea mwenyewe na kuulinda, neno hili lina kasoro: latuonyesha mfuko, halituonyeshi kipimo.

Yapo maneno mengine mlangoni. Waarabu huita bajeti mizaniyya, na sisi tunalo neno mizania, lakini wahasibu wetu wamekwisha kulitwaa kwa kazi nyingine, nayo ni ile taarifa ya mali na madeni yaliyopo siku fulani. Mizania basi hutazama pale ulipofika, na mwanafunzi anayetazama pale alipofika siku ya arubaini hana la kufanya ila kusikitika. Bungeni Dodoma husemwa makadirio ya mapato na matumizi, nayo hugawanywa kwa mafungu, vifungu na kasma, na neno hili la mwisho ni tamu kwa sikio la mtu wa pwani, kwa kuwa asili yake ni kule kugawa, ambako ndiko tulikopata maneno kama kismati. Mimi nachagua makadirio. Najua kwamba ni neno refu na lina harufu ya ofisi, lakini sababu ninayo.

Mzizi wake wa Kiarabu umetuzalia watoto watatu. Wa kwanza ni kudura, yaani uwezo. Wa pili ni kadiri, yaani kipimo. Na wa tatu ni kadari, yaani yale aliyokwisha kuyapanga Mola, ambayo mja hayajui mpaka yamfike. Anayekadiria hukaa katikati ya hao watatu: hupima, kwa mujibu wa uwezo wake, mambo ambayo hayajafika na ambayo yamkini yasifike kama alivyodhani. Ndiyo maana makadirio hayaoni haya kusahihishwa. Bajeti ya serikali hupitishwa na kuanza tarehe 1 Julai, na kuigeuza baadaye ni jambo zito. Ya mwanafunzi isiyogeuzwa kila wiki imekufa, hata kama imeandikwa kwa wino wa rangi tatu.

Sasa tuitazame fedha yenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania apataye mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupewa fedha ya chakula na malazi ambayo kiwango chake hutajwa kwa siku: kilikuwa shilingi 8,500, kikaongezwa hadi 10,000. Kwa wanafunzi fedha hii haina jina jingine ila bumu, nalo ni jina la kishindo, kwa kuwa haiji siku kwa siku bali huja kwa mkupuo, na siku iingiapo chipsi na kuku huadimika mitaa yote iliyo jirani na chuo. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno la fedha ya namna hii tangu kale, nalo ni posho. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walipimiwa posho, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na kila mmoja aliijua siku yake kwa kibaba chake. Bodi huhesabu posho. Mwanafunzi hupokea bumu. Na katika pengo lililo baina ya majina hayo mawili ndimo zinamopotea wiki tatu za mwisho, ambazo watu huziishi kwa kupiga pasi ndefu, yaani kuuruka mlo wa mchana na kungoja wa jioni.

Chukua mtu aliyepokea 600,000 za siku 60. Asianze kwa kugawa kwa 60, maana si zote zilizo za tumbo. Aondoe kwanza 120,000, sehemu yake ya kodi ya chumba wanachokaa wanne. Aondoe 30,000 alizoahidi nyumbani. Na aondoe 60,000 za siku zile ambazo mkupuo ujao utachelewa, kwani kuchelewa kwake ni katika mambo ya kutarajiwa, si ya kushangaza. Zimebaki 390,000, nazo kwa siku 60 ni 6,500: hicho ndicho kibaba chake. Kwa mama ntilie, kwa daladala na kwa kopi za notisi, kinatosha bila ya kusaza. Wiki ya kwanza, kwa furaha tu, akatumia 9,000 kila siku, jumla 63,000. Mwenye bajeti ya mkoba husema ameiharibu, akaifunga daftari asiifungue tena. Mwenye makadirio huketi Ijumaa usiku, akatoa 63,000 katika 390,000, akapata 327,000, akazigawa kwa siku 53 zilizosalia, na akaona kwamba kibaba kimeshuka hadi karibu 6,170. Ni shilingi 330 tu kwa siku. Maafa aliyoyaogopa ni bei ya maandazi mawili matatu, na hakuna aliyemwambia ila kugawa upya.

Lipo jina la kasma moja ambalo ningependa liondolewe katika daftari za wanafunzi, nalo ni “mengineyo”. Kila mpango niliouona unalo katika mstari wa mwisho, dogo na la adabu, kama mgeni aliyekaa karibu na mlango. Katika daftari yangu mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi, kulikuwa na majuma mawili ambayo mengineyo yalizidi chakula. Nilipoyavunjavunja na kuyapa majina mojamoja nikakuta vocha za simu, soda, na michango ya harusi mbili, moja ikiwa ya watu ambao hadi leo sijawatia machoni.