Gari la umeme: Kasi ndiyo huuza, betri ndiyo huamua

MKAZI wa Kitengela anayefanya kazi katikati ya jiji la Nairobi husafiri yapata kilomita 30 asubuhi na nyingine 30 jioni, na sehemu kubwa ya mwendo huo huuandama msongamano wa Mlolongo na Athi River. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapotangaza bei za mafuta, yeye husikiliza kwa makini kuliko wengi. Haishangazi basi kwamba gari la umeme, ambalo zamani lilionekana kuwa kichezeo cha matajiri wa ng'ambo, sasa ni jambo analolipigia hesabu.

Jambo la kwanza atakaloonyeshwa na muuzaji ni kasi. Injini ya petroli huhitaji kwanza kuzunguka mara nyingi kwa dakika ndipo nguvu yake ikamilike, ilhali mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kusukuma tangu gari likiwa limesimama. Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, gari la kawaida la familia lililotolewa kuanzia 2017, hufikia kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde 8 hivi. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza hushuka akitabasamu.

Hata hivyo, kasi haikuwa hoja kuu kwa wale waliotangulia kumiliki magari ya aina hii. Kumbukumbu zao zipo, na mtu anayekusudia kutoa akiba yake ya miaka mingi hana budi kuzisoma.

Gari lililoanzisha hamu hii ni Tesla Roadster la Marekani. Lilizinduliwa Julai 2006 huko California, na wateja 100 wa mwanzo walilipa dola 100,000 kila mmoja kabla hata gurudumu moja halijagusa barabara. Mwili wake ulitokana na gari la Lotus Elise la Uingereza. Mgongoni lilibeba betri iliyoundwa kwa seli ndogo 6,831, za aina iliyokuwa ikitumika katika kompyuta za mkononi, zikiwa na uwezo wa kuhifadhi uniti 53 za umeme. Kampuni ilitangaza kwamba lingefikia maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97, kwa sekunde 3.9, na kwenda kilomita 390 kabla ya kuchajiwa tena.

Wateja walisubiri. Gari la kwanza lilitolewa Februari 2008, na hata hapo lilikuwa na ila. Giaboksi ya gia mbili haikustahimili nguvu ya mota, kwa hivyo magari ya mwanzo yalikabidhiwa yakiwa yamefungwa katika gia ya pili, wenyewe wakiahidiwa giaboksi mpya ya gia moja bila malipo. Januari 2009, baadhi ya waliokuwa bado kwenye foleni waliarifiwa kwamba vitu walivyodhani vimo katika bei ya awali sasa vingelipiwa kando. Mei mwaka huo magari 345 yalirejeshwa kukaguliwa kwa sababu ya bolti za magurudumu ya nyuma ambazo hazikukazwa ipasavyo kiwandani.

Waliovumilia hayo walikuwa watu wenye uwezo, wengi wao wakiwa na gari jingine nyumbani. Hili ni jambo la kuzingatia. Mteja wa kwanza wa bidhaa mpya kwa kawaida hununua pia haki ya kusimulia, na malalamiko yake huwa mepesi kuliko ya mtu ambaye gari hilo ndilo pekee la kumpeleka kazini na watoto shuleni.

Mshtuko mkubwa ulikuja Februari 2012. Ilifichuka kwamba Roadster likiachwa kwa muda mrefu bila kuchomekwa kwenye umeme, betri yake hujimaliza polepole hadi sufuri, na ikifika hapo haifufuki. Kuibadilisha kuliripotiwa kugharimu takriban dola 40,000. Kampuni ilijibu kwamba kitabu cha maelekezo kilitoa onyo hilo waziwazi. Pengine ni kweli, lakini ni nani aliyezoea gari la petroli angedhani kwamba kuliegesha tu kunaweza kuliua?

Kufikia 2012, wakati utengenezaji ulipokoma, yalikuwa yameuzwa magari yapatayo 2,450 katika nchi zaidi ya 30. Na hapa ndipo kumbukumbu zinapompa faraja mnunuzi. Utafiti uliofanywa 2013 na shirika la Plug In America miongoni mwa wamiliki ulikadiria kwamba betri hizo zingebaki na asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake baada ya maili 100,000, ambazo ni kilomita 160,000. Hali ya hewa haikuonekana kuleta tofauti kubwa. Siri ilikuwa ni kwamba Roadster lilikuwa na kioevu cha kupoza betri.

Nissan Leaf, lililoingia sokoni Desemba 2010, halikuwa nacho. Kiangazi cha 2012 wamiliki wake katika jimbo la Arizona, jangwani, walianza kuona vipimo vya betri kwenye dashibodi vikipungua kabla ya gari kutimiza miaka miwili. Leaf lina vipimo 12. Cha kwanza kinapozimika, betri huwa imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Baada ya mvutano, kampuni ilipanua dhamana ili betri itakayoshuka chini ya vipimo 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000 ishughulikiwe kwa gharama yake. Baadaye pia ilibadilisha kemikali za betri ili zistahimili joto zaidi.

Kisa cha Arizona kinamhusu mkazi wa Kajiado kwa sababu Leaf ndilo lililotangulia kutumika kwa wingi Kenya kama gari la umeme. Mnamo 2018 kampuni ya teksi ya NopeaRide, iliyokuwa na asili yake Finland, ilianza kubeba abiria Nairobi kwa magari hayo. Ilifunga shughuli mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama kukosa fedha. Serikali kwa upande wake ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10 kupitia sheria ya fedha ya 2019.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, wala lenye usukani upande wa kushoto. Masharti hayo yanafunga mlango kwa magari mengi ya Marekani na kumwelekeza mnunuzi Japani na Uingereza. Pia yanamaanisha kwamba Leaf za kizazi cha kwanza, zenye betri ya uniti 24, haziwezi tena kuagizwa, ingawa zilizokwisha kuingia zinaweza kuuzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine humu nchini. Hizo ndizo za kutazamwa kwa macho mawili. Zikiwa mpya, mamlaka za Marekani zilizipima kuwa zinaweza kwenda kilomita 117. Iliyopoteza vipimo vinne itafika kilomita 75 hivi. Hiyo inatosha kumpeleka mwenyewe Nairobi na kumrudisha Kitengela, mradi asipitie kwingine, asiwashe kipasha joto asubuhi ya Julai, na asikute barabara imefungwa. Kwenda Kajiado mjini na kurudi, mwendo wa kilomita 100, haiwezi.

Kwa hivyo bei ya gari la umeme lililotumika ni bei ya betri, na mengine ni mapambo. Rangi inayong'aa na viti safi havimwambii mnunuzi lolote. Ahesabu vipimo kwenye dashibodi, kisha asiviamini peke yake, kwa kuwa wamiliki wa ng'ambo walikwisha kugundua kwamba kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ili ionyeshe vipimo vyote 12 kwa wiki kadhaa kabla ya kurejea kwenye hali halisi. Njia bora ni programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayosoma afya ya betri kwa asilimia kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Baada ya hapo aliendeshe gari lenyewe, kutoka betri iliyojaa, angalau kilomita 50, na kuona kimebaki kiasi gani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.

Suala la pili ni mahali pa kuchajia. Wamiliki wa Roadster walikuwa na gereji zao na walifungiwa nyaya maalumu. Mpangaji wa ghorofa ya tatu Kitengela ana mita ya tokeni iliyo juu na gari lililo chini, katika uwanja wa wote. Kabla ya kuzungumza na muuzaji wa gari, sharti azungumze na mwenye nyumba.

Aliye na nyumba yake ana nafuu. Soketi za ukutani nchini ni za ampia 13 na volti 240, lakini haifai kuibebesha soketi mzigo wote huo usiku kucha. Vifaa vingi vya kuchajia hujiwekea kikomo cha ampia 10. Kwa kiwango hicho betri tupu ya uniti 40 huchukua takriban saa 17 kujaa. Ila hakuna haja ya kuijaza kila siku. Safari ya kilomita 60 hutumia uniti 10 hivi, ambazo hurudi kwa saa nne au tano. Soketi iliyolegea au waya mwembamba wa fundi wa mtaani ndivyo vya kuogopwa, kwani mzigo wa saa nyingi huvichemsha hadi vikayeyuka.

Mnamo 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa magari, Sh16 kwa uniti wakati wa matumizi makubwa na Sh8 usiku, kabla ya kodi. Kwa bei hiyo, safari ya Nairobi na kurudi ingegharimu kati ya Sh80 na Sh160, kodi na umeme unaopotea wakati wa kuchaji vikiwekwa kando. Hakuna gari la petroli linaloweza kushindana na hesabu hiyo. Bei ya usiku ina sababu. Mvuke wa Olkaria hauzimiki watu wanapolala, na umeme wake hukosa mnunuzi. Kaunti ya Kajiado yenyewe huzalisha umeme wa upepo. Mitambo ya kwanza ya vilima vya Ngong ilisimamishwa 1993, na mradi wa Kipeto wenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100 ulianza kazi 2021, ukipeleka umeme wake katika kituo cha Isinya.

Lakini umeme kuwepo Isinya si sawa na kuwepo kwenye soketi. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mwenye busara hasubiri betri ifike chini ya robo ndipo achaji, na aendaye ng'ambo kwa miezi kadhaa huiacha ikiwa nusu, si ikiwa tupu. Roadster zilizokufa 2012 ni ushahidi tosha.

Barabara za ndani ya mitaa ya Kitengela zina udongo mweusi unaonata, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kufunga njia. Betri ya Leaf imelala chini ya sakafu, na tumbo la gari liko sentimita 15 hivi tu kutoka ardhini. Imezibwa dhidi ya maji ya mvua, si dhidi ya jiwe lililojificha ndani ya dimbwi. Fundi wa juakali aliyezoea injini za Toyota naye aonywe kuhusu nyaya za rangi ya machungwa. Zinabeba volti zaidi ya 300 na hazishikwi kwa mikono mitupu.

Kuhusu joto, Kitengela na Kajiado mjini ziko juu, ya pili ikiwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haidhuru betri. Magadi, ndani ya kaunti iyo hiyo, ni habari nyingine. Iko chini katika Bonde la Ufa na joto lake la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Leaf inayoegeshwa huko juani siku baada ya siku inaishi maisha ya Arizona.

Ipo pia safari ya Namanga, kilomita 130 hivi kutoka Kitengela. Baada ya Kajiado barabara huteremka zaidi ya mita 300, na kwenye mteremko mota hugeuka kuwa jenereta, ikirudishia betri sehemu ya umeme wake. Dereva hufika mpakani akijiona ameshinda hesabu. Kurudi ni kupanda. Leaf ya uniti 40, iliyopimwa kwenda kilomita 243 ikiwa mpya, haiwezi kukamilisha kilomita 260 za kwenda na kurudi bila kuchajiwa njiani. Vituo vingi vya umma viko Nairobi, kwa hivyo anayepanga safari hiyo hupiga simu mapema kwenye nyumba ya wageni ya Namanga, akauliza kama kuna soketi iliyo karibu na maegesho na kama ataruhusiwa kuitumia hadi asubuhi.