Keki Zako Zinaungua Chini? Cheki Mkebe Kwanza

Kama umeanza kuuza keki hapo mtaani, unajua moja ikiungua hiyo ni doh imeenda: mayai, siagi, unga, gesi. Wengi hulaumu oveni, kumbe shida ni mkebe.

Ukiwa na pesa ya mkebe mmoja tu, chukua wa aluminiamu, ule wa rangi ya fedha usiopakwa kitu. Aluminiamu husambaza moto haraka na sawasawa, so katikati inaiva kabla kando hazijakauka. Shuka Kamukunji, mafundi wa jua kali watakutengenezea saizi unayotaka. Bonyeza ubavu wake na kidole. Ukibonyea kirahisi, wachana nao, utajipinda kwa moto. Na mchanganyiko wenye ndimu mob usilale humo, asidi hula aluminiamu na keki inabeba ladha ya chuma.

Ile myeusi ya nonstiki iko fiti wakati wa kutoa keki, lakini rangi nyeusi hunyonya joto zaidi. Punguza oveni kama digrii 15 hivi, na kisu kikae mbali. Glasi nayo inachelewa kushika moto, halafu ikishika haiachi. Keki inaendelea kuiva hata ukishaitoa. Ikiwa moto usiimwagie maji baridi, itapasuka.

Silikoni? Inakaa poa kwa picha, lakini keki hutoka imepauka.

Na wewe unayeokea kwa jiko, mkebe ndani ya sufuria ya mchanga, makaa juu ya kifuniko: hapo ni aluminiamu tu. Glasi na silikoni usithubutu.