Chaza wa mapambo na vibali vya biashara yake: Mombasa bara

Chaza wakubwa wa mwambani wanaopatikana Kenya ni wa aina mbili hasa, Tridacna maxima na Tridacna squamosa. Huishi katika maji ya kina kifupi yenye jua, kwenye miamba ya kusini na kaskazini mwa Mombasa. Nyama yao ya ukingoni hujitokeza gamba likifunguka, na huwa ya buluu, kijani, zambarau au kahawia. Ndani ya nyama hiyo hukaa mwani mdogo mno unaotumia mwanga kumtengenezea chaza chakula. Rangi hizo ndizo zilizomfanya atafutwe na wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani. Lakini ni mnyama rahisi kumalizwa, kwa kuwa hukua polepole na huganda mahali pamoja. Maji yakipwa, mchumaji humfikia bila shida.

Kwa watu wa pwani chaza alikuwa kitoweo kwanza. Makome na magamba yaliuzwa kwa watalii, na tangu miaka ya 1970 ikakua biashara ya kusafirisha samaki hai wa mapambo. Wapiga mbizi huwanasa kwa nyavu za mkono, kisha samaki hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji ya bahari na oksijeni, na mifuko hupangwa katika masanduku yanayozuia joto. Mzigo wa namna hiyo hauvumilii kucheleweshwa, kwa hiyo uwanja wa ndege wa Port Reitz, upande wa Changamwe, uliipa Mombasa nafasi nzuri katika biashara hii.

Sheria zilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilianzia baharini kwenyewe: wavuvi na wasafirishaji walidaiwa leseni za uvuvi, na mwaka 1986 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, mbele ya Nyali na Bamburi, ambako kuchuma viumbe ndani ya eneo la hifadhi kamili ni marufuku. Ya pili ilitoka nje. Kenya ilijiunga mwishoni mwa 1978 na CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 1983 chaza aina ya Tridacna gigas na Tridacna derasa waliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba huo; mwaka 1985 jamaa yote ikafuata, wakiwemo wale wa Kenya.

Orodha ya Pili haikatazi biashara. Inadai kibali cha nchi inayouza, na kibali hakitolewi mpaka wataalamu waridhike kwamba uchumaji hautaidhuru jamii ya chaza iliyobaki baharini. Nchini Kenya vibali hivyo huwa mikononi mwa shirika la wanyamapori, KWS. Samaki wengi wa mapambo hawamo katika orodha hizo, kwa hiyo msafirishaji aliye na leseni ya uvuvi aliweza kuwatuma kwa urahisi zaidi kuliko chaza.

Kizuizi kikubwa zaidi kiliwekwa na wanunuzi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 338/97, iliyoanza kutumika Juni 1997, iliongeza kibali cha kuingiza juu ya kile cha kutoa. Wataalamu wa nchi inayopokea wakapata haki ya kupima wenyewe kama biashara hiyo ina madhara kule chaza anakotoka, na kukataa wasiporidhika. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, kwani mwamba uliokwisha chumwa haurudi haraka. Lakini ilimbebesha muuzaji mdogo mzigo wa ushahidi asioweza kuutoa peke yake, maana kuhesabu chaza miambani ni kazi ya watafiti. Kwa kazi ya namna hiyo Kenya ina taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, yenye makao yake Mkomani, ng'ambo ya daraja la Nyali.

Nafasi kubwa sokoni ilichukuliwa na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki, kama Palau, ambako chaza huzalishwa katika vitalu na kulelewa baharini. Chaza wa kitaluni hurahisisha kibali, ingawa hakiepukiki.

Marekani haidai kibali cha kuingiza kwa viumbe wa Orodha ya Pili. Hukagua mzigo na karatasi zake katika bandari na viwanja maalumu. Julai 2024 serikali yake ilipendekeza aina 10 za chaza wakubwa ziwekwe chini ya sheria yake ya viumbe walio hatarini, baadhi kwa sababu tu wanafanana na walio hatarini zaidi na ni vigumu kuwatofautisha forodhani.